Barua ya wazi kwa Baraza la Chuo: Msizifute timu 7 kwa ajili ya 2

Kwa:
Mwenyekiti wa Baraza la Chuo,
Makamu Mkuu wa Chuo,
Mkurugenzi wa Michezo.

Waheshimiwa,

YAH: MPANGO WA KUPUNGUZA TIMU ZA CHUO KUTOKA 9 HADI 2

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhitimu wa chuo hiki. Nilikuwa nahodha wa timu ya mpira wa wavu ya wanawake kwa misimu 2, na tangu nihitimu nimekuwa nikirudi kila Jumanne na Alhamisi jioni kuwafundisha mabinti waliotufuata. Silipwi, wala sijawahi kuomba nilipwe. Baadhi yenu mnanifahamu kwa sura.

Nimewaandikia barua 3 kwa njia ya kawaida. Ya kwanza, karani wa masjala alinijibu kwa mdomo kwamba imepokelewa. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu niliipeleka mwenyewe, nikasaini kwenye daftari, nikaambiwa nisubiri, nitaitwa. Sijaitwa. Nikiwa bado nasubiri, ratiba ya msimu ujao imebandikwa kwenye ubao wa matangazo na timu 7 hazimo. Ndiyo sababu leo naandika mbele ya watu wote, kwa heshima ile ile niliyoandikia barua zile.

Kama manahodha walivyoelezwa, mpango ni huu: zibaki timu 2, soka ya wanaume na kikapu cha wanaume. Fedha za timu nyingine 7 zihamishiwe huko, wachezaji watafutwe kutoka nje kwa udhamini maalumu, na chuo kijenge jina. Zinazoondoka ni wavu wanawake, wavu wanaume, kikapu wanawake, netiboli, riadha, kuogelea na mpira wa mikono.

Najua chuo chetu ni cha kati na kasma ya michezo ni finyu. Nimekaa upande wa waombaji wa kasma hiyo kwa miaka, na sijawahi kuona mwaka ambao ilitosha. Nisichokubali ni mwelekeo mliouchagua, na sababu zangu ni hizi.

1. Waliohusika hawakuulizwa. Manahodha waliitwa kuelezwa uamuzi ambao tayari ulikuwa umechapishwa. Mmoja wao aliuliza hesabu ziko wapi, timu ipi inatumia kiasi gani, akaambiwa zitatolewa baadaye. Hadi leo hazijatolewa. Siwezi kubishana na hesabu nisizozijua, na nadhani hata wajumbe wa Baraza hawakuonyeshwa zote.

2. Tunajiingiza kwenye mbio tusizoweza kuzimaliza. Mpango unachukulia kwamba timu 2 zikilishwa vizuri zitajilipa zenyewe. Tuangalie Marekani, ambako michezo ya vyuo ina fedha nyingi kuliko kokote duniani, yenye viwanja vya kukalia watu 100,000 na mikataba ya televisheni. Hata huko, takwimu za chama kinachosimamia michezo hiyo, NCAA, zilionyesha kuwa mwaka 2019 ni idara 25 tu za michezo zilizoingiza zaidi ya zilichotumia, katika vyuo zaidi ya 350 vya daraja la juu. Waliobaki walizibiwa pengo, kwa sehemu kubwa na fedha za chuo na ada za wanafunzi. Tangu Juni 2025, mahakama ilipoidhinisha suluhu ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliishtaki NCAA, vyuo vya huko vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na ukomo wa mwaka wa kwanza uliwekwa kuwa takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja.

Hatushindani na vyuo hivyo, najua. Lakini hesabu ya kununua ushindi haibadiliki popote: ukishaanza kutafuta wachezaji kwa fedha, mwenye fedha zaidi yako atawachukua, nawe utaongeza dau mwaka unaofuata. Chuo cha kati ndicho huchoka kwanza. Kitakapochoka, timu 7 hazitakuwepo tena za kurudiwa, maana timu ikishavunjwa huondoka na makocha wake, vifaa vyake na desturi ya wakubwa kuwapokea wadogo.

3. Timu 2 zinazobaki zote ni za wanaume. Hapa naomba mnivumilie niseme kwa kirefu, kwa sababu kwenye waraka wenu jambo hili halikupewa hata mstari mmoja.

Nimesikia ikisemwa kuwa wanawake hawana hamasa ya michezo. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria iitwayo Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Wakati huo wasichana waliocheza katika timu za shule za sekondari nchini humo hawakufika 300,000. Siku hizi wamepita milioni 3. Wasichana wa kabla ya sheria ile walikuwa na miguu na mikono ile ile. Nafasi ndiyo iliyokosekana.

Nami nina mfano wa karibu. Mwaka jana alikuja binti wa mwaka wa kwanza, akawa anasimama nje ya mstari kila siku ya mazoezi, mkoba ameukumbatia kifuani. Siku ya nne nikamrushia mpira. Hakuudaka. Aliufuata ulikobingirikia, akauokota, akaurudisha kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto mchanga. Sikumwambia kitu, nikamrushia tena. Leo ndiye anayewainulia wenzake mipira pale kwenye wavu, na sauti yake ndiyo inayowapanga wachezaji wengine watano. Mwalimu wake wa kozi ya uhandisi aliniambia kuwa siku hizi anasimama kuwasilisha kazi za kikundi. Niambieni, katika mpango mpya binti wa namna hii atasimama pembeni ya mstari upi?

4. Usalama umesahaulika kabisa. Msimu uliopita mchezaji wetu aliruka kuzuia mpira akatua vibaya. Nilikuwa hatua 2 kutoka kwake, nikasikia goti likilia kama kijiti kikavu kinavyovunjwa. Nikamtuma mtu mbio akalete sanduku la huduma ya kwanza. Ufunguo wa stoo alikuwa nao mtunza stoo, na mtunza stoo alishaondoka kwa kuwa saa za kazi zilikuwa zimekwisha. Tulilifunga goti lile kwa jezi tuliyoilowesha maji ya kunywa, tukambeba watu wanne hadi getini, yeye akiuma kola ya fulana yake ili asipige kelele.

Kesho yake niliomba kuliona sanduku lenyewe. Ndani mlikuwa na plasta zilizokauka gundi, mkasi wenye kutu na chupa tupu ya spiriti. Bandeji haikuwemo hata moja.

Alikuwa amekatika kano ya mbele ya goti. Jeraha hilo huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, na inajulikana pia kuwa mazoezi maalumu ya kupasha mwili na kuimarisha misuli hupunguza majeraha. Programu ya FIFA 11+, iliyotengenezwa kwa wanasoka, huchukua kama dakika 20, haihitaji vifaa vya maana, na michezo mingine inaweza kujifunza kwayo. Kinachohitajika ni kocha aliyefundishwa namna ya kuisimamia. Hatujawahi kupelekwa kwenye mafunzo hayo, si mimi wala makocha mnaowalipa.

Kuna na jambo la moyo. Dunia nzima iliona tarehe 12 Juni 2021, mwanasoka wa Denmark, Christian Eriksen, alipoanguka uwanjani Copenhagen katika mechi ya Denmark na Finland. Alipona kwa sababu waliomfikia walianza kumkandamiza kifua mara moja, na mashine ya kushtua moyo ilikuwa pale pale. Moyo ukisimama namna ile na mtu asihudumiwe, kila dakika inayopita bila mshtuko hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Chuo chetu kinayo mashine hiyo, moja. Imetundikwa kwenye korido ya jengo la utawala, na jengo hilo hufungwa saa 10 jioni. Mazoezi ya timu zote huanza saa 11.

Mpango mpya umetenga fungu la jezi na basi. Nimeusoma mara mbili nikitafuta neno tabibu, sikuliona.

5. Wanafunzi wasio kwenye timu yoyote wamefungiwa nje. Mashindano ya vitivo yamefutwa, na kiwanja cha ndani kitahifadhiwa kwa ajili ya kikapu pekee. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na mwaka 2024 lilitangaza kuwa karibu asilimia 31 ya watu wazima duniani hawafikii kiwango kinachoshauriwa. Wanafunzi wetu hukaa darasani, maktabani, na usiku kwenye kompyuta. Mechi ya kitivo dhidi ya kitivo ilikuwa ndiyo mazoezi pekee kwa wengi wao.

Mwaka 2012 chuo cha Spelman, cha wanawake, kilichopo Atlanta, kilitangaza kujitoa kwenye mashindano ya NCAA. Kilikuwa na wachezaji kama 80 kati ya wanafunzi wapatao 2,100, kikaamua fedha ile iende kwenye mazoezi na afya ya wanafunzi wote. Mimi ni mtu wa mashindano, nisingetaka tufike huko. Hata hivyo swali walilojiuliza nililiheshimu: fedha hii inawafikia wangapi? Kwa mpango wenu itawafikia wachache kuliko sasa, na baadhi yao watakuwa wageni walioletwa kwa ajili ya kucheza tu.

6. Wapo wanafunzi waliopunguziwa ada kwa sababu ya michezo, katika timu zinazofutwa. Hawajaandikiwa kama punguzo litaendelea hadi wamalize masomo. Walikuja hapa kwa ahadi ya chuo.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa mengine nimeshayasikia koridoni.

Litatolewa la fedha. Njooni muuone wavu wetu: umepasuka katikati na umeunganishwa kwa kamba 3 za viatu, moja nyekundu. Tumecheza nao misimu miwili bila kuandika malalamiko. Kwa ninavyoona, nyingi ya timu zinazofutwa hutumia kidogo, na ndiyo maana nashindwa kuelewa ni akiba gani itakayopatikana hapo. Kama ipo, ionyesheni kwa tarakimu. Na fedha inayohamishwa kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine haiwezi kuitwa fedha isiyokuwepo.

Litatolewa la jina la chuo. Mwaka 1935 mchezaji wa Chuo Kikuu cha Chicago, Jay Berwanger, alikuwa wa kwanza kupata tuzo ambayo sasa inaitwa Heisman, kubwa kuliko zote katika soka ya Kimarekani vyuoni. Miaka 4 baadaye, mwaka 1939, chuo hicho hicho kilifuta timu yake ya mchezo huo. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa ya uwanja wa Stagg uliokuwa wa timu ile, wanasayansi wakiongozwa na Enrico Fermi walifanikisha kwa mara ya kwanza mfululizo wa mipasuko ya nyuklia unaodhibitiwa. Jina la Chicago halikuzama. Soka ikarudi rasmi mwaka 1969, kwa kiwango cha chini, ikichezwa na wanafunzi waliokuja kusoma. Na NCAA wenyewe husema wachezaji wa vyuo wanaofika kwenye michezo ya kulipwa hawafiki asilimia 2. Waliobaki wote watajulikana kwa kazi nyingine, na jina la chuo watalibeba huko. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tunataka kuwatunza wa nje na kuwaambia wa kwetu wakae watazame.

Litatolewa pia kwamba timu 9 ni nyingi kwa chuo cha kiasi chetu. Hili lina uzito, sitaki kulipita juu juu. Bwawa la kuogelea lina gharama kubwa na waogeleaji ni wachache. Pengine kuogelea kubaki kama klabu inayoazima bwawa kwa jirani ni jambo la kuzungumzwa. Pengine wavu wa wanaume na wa wanawake watumie kocha mmoja, basi moja na kituo kimoja cha mashindano. Pengine baadhi ya timu zisisafiri mbali kila mwaka. Manahodha wako tayari kukaa na kukata wenyewe, na naamini watakata kwa haki kuliko mtu anayekata bila kujua nani anacheza wapi. Kupunguza ni tofauti na kufuta.

La mwisho nililolisikia ni kwamba uamuzi umeshapita. Julai 2020 chuo cha Stanford kilitangaza kufuta timu 11, kikisema ni kwa sababu ya fedha. Wahitimu na wachezaji walipinga, wengine wakaenda mahakamani, na Mei 2021 chuo kikatangaza kuwa timu zote 11 zitabaki. Chuo cha Alabama kilichopo Birmingham kilifuta timu 3 Desemba 2014, soka ya Kimarekani ikiwemo, kwa kutegemea taarifa ya washauri ambayo baadaye hesabu zake zilipingwa. Juni 2015 kilibatilisha uamuzi huo baada ya watu kuchangia, na soka ikarudi uwanjani mwaka 2017. Mfano huu wa pili nimeutaja kwa makusudi, kwa kuwa uliookolewa pale ni mchezo mkubwa. Sina ugomvi na soka wala kikapu. Vijana wa timu zile ni wadogo zangu, na wawili kati yao walikuwa miongoni mwa tuliombeba yule binti hadi getini.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, yale ya usalama yafanyike wiki hii, maana hayahitaji kikao cha Baraza. Sanduku la huduma ya kwanza lijazwe, kila kocha apewe ufunguo, na mashine ya kushtua moyo ihamishiwe viwanjani pamoja na mtu wa kutufundisha kuitumia.

Pili, utekelezaji wa mpango usimamishwe kwa msimu mmoja na ratiba iliyobandikwa iondolewe.

Tatu, hesabu za idara ya michezo za miaka 3 iliyopita ziwekwe wazi kwa wanafunzi, timu kwa timu.

Nne, iundwe kamati yenye manahodha wa timu zote 9, mhitimu mmoja au wawili, tabibu na mtu wa fedha, ilete mapendekezo kabla ya bajeti ijayo. Wanawake wasipungue nusu ya manahodha watakaokaa humo. Sharti la mapendekezo hayo liwe moja tu: kila timu ya wanaume itakayobaki, ibaki na ya wanawake.

Tano, wanafunzi waliopunguziwa ada waandikiwe barua, kila mmoja kwa jina lake, kuwa ahadi yao haitaguswa hadi wahitimu.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Nisipoyapata, nitaomba kupitia umoja wa wahitimu kuitishwe mkutano wa wote wanaohusika, nanyi mtaalikwa rasmi.

Kabla ya hapo, Jumanne ijayo tuna mazoezi saa 11 jioni kwenye kiwanja cha nyuma ya mabweni. Nawaalika nyote watatu. Mkifika nitasimamisha mazoezi, mabinti wawaeleze wenyewe. Yule aliyeumia goti naye atakuwepo. Bado hajaruhusiwa kuruka, lakini huja kila siku kuokota mipira.

Wenu mtiifu,

Nahodha wa zamani na kocha wa kujitolea,
Timu ya Mpira wa Wavu ya Wanawake

Nakala:
Rais wa Serikali ya Wanafunzi
Manahodha wa timu zote 9
Umoja wa Wahitimu